AFYA YA FAMILIA: Ule mguu unaovimba jioni

Mwezi huu mama mmoja ametuomba tuandike juu ya mguu wake, bila kumtaja jina. Miaka mitatu iliyopita, wiki ya pili baada ya kujifungua, mguu wa kushoto ulimvimba ghafla mpaka pajani, ukauma sana. Hospitalini wakakuta damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa ndani. Akachomwa sindano, akameza vidonge miezi kadhaa, akajua amepona.

Lakini tangu hapo, kila jioni mguu unakuwa mzito na unawasha. Ngozi juu ya kifundo imekuwa nyeusi na ngumu, na mwaka jana pakatoka kidonda upande wa ndani. Majirani hawakukawia: "Amekanyaga dawa." Wengine wakasema ni matende. Akachanjwa chale mara mbili, kidonda kikazidi. Mwisho akaacha hata kwenda kwenye mgao, anamtuma mtoto, na siku hiyo mtoto anakosa shule.

Jamani, hakuna aliyemtega. Mishipa inayorudisha damu moyoni ina vilango vidogo ndani yake. Tukitembea, nyama ya shavu la mguu inaisukuma damu juu, na vilango vinajifunga isirudi chini. Damu ikiganda humo, vilango vinaharibika au mshipa unabaki umeziba kidogo. Basi damu inatuama chini kama maji ya mtaro ulioziba. Katika watu 10 waliopata damu kuganda mguuni, kati ya 2 na 5 hupata shida hii baadaye, mara nyingi ndani ya miaka 2.

Vilango vilivyoharibika havirudi. Hatutawadanganya. Ila mguu unatunzwa. Tembea kila siku, usisimame mahali pamoja muda mrefu (foleni ya maji tunaijua, kaa juu ya dumu lako uchezeshe kifundo). Ukipumzika, lala na mguu umeinuliwa kupita moyo, hata kwa kitenge kilichokunjwa. Bandeji ya kuvutika inasaidia sana: ifungwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani, kuanzia karibu na vidole mpaka chini ya goti. Lakini kwanza muuguzi apime kama damu inafika vizuri kwenye unyayo, hasa kwa mwenye kisukari. Kidonda kioshwe kwa maji safi na kifunikwe. Unga wa kapsuli, majivu na dawa ya meno, hapana!

Akina mama, mkienda kliniki ya uzazi wa mpango semeni kwamba damu iliwahi kuganda, kwani baadhi ya vidonge vinaongeza hatari hiyo. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda akihisi ana mimba, amwambie daktari mara moja, maana nyingine zinadhuru mtoto tumboni.

Na mguu ukivimba upya ghafla, au kifua kikichoma na pumzi ikawa fupi, usingoje kuche. Nenda hospitali usiku huohuo.

Mama yetu sasa anafungwa bandeji zahanati. Kidonda hakijafunga, ila kimebaki upana wa kifuniko cha soda. Kwenye mgao anakwenda baba watoto, na mtoto yuko darasani.