Wacheza Hip Hop wa Mwanza si Wahuni

Tarehe 9 na 10 Agosti, 2024, katika uwanja wa Place de la Concorde jijini Paris, brekidansi ilishindaniwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki. Medali ya dhahabu ya wanawake ilichukuliwa na Ami wa Japani, na ya wanaume ikachukuliwa na Phil Wizard wa Kanada. Vijana wa Morocco walikuwamo uwanjani. Hata hivyo, habari iliyozungumzwa zaidi vijiweni ilikuwa ile ya mama mmoja wa Australia, mhadhiri wa chuo kikuu, ambaye uchezaji wake ulichekwa dunia nzima. Kicheko kile kilifunika swali ambalo sisi wa Kanda ya Ziwa tulipaswa kujiuliza, nalo ni hili: vijana wa Mwanza wanaocheza dansi hiyo hiyo kila jioni wamewekwa wapi katika hesabu za Taifa?

Msomaji anawafahamu, hata kama hajapata kusimama kuwatazama. Ni wale wanaokutana jua linapoanza kupoa, katika kibaraza cha duka lililokwisha kufungwa au katika uwanja wa shule, wakiwa na spika moja ndogo na vipande vya maboksi vilivyofunguliwa na kutandikwa chini ili mgongo usichubuke. Mmoja huingia katikati ya duara, hucheza kwa nusu dakika, hutoka, na mwingine huingia kumjibu. Mchana baadhi yao wanabeba mizigo sokoni, wengine wanaendesha bodaboda, wengine wako darasani. Mpita njia huwatupia jicho na kusema neno moja tu: wahuni.

Neno hilo tunaliona kuwa ni la kivivu. Mhuni ni mtu asiye na kanuni, na kikundi cha dansi hakiwezi kudumu hata miezi miwili bila kanuni. Anayechelewa zoezi hulaumiwa mbele ya wenzake. Anayeiga mtindo wa mwenzake na kuuita wake hudharauliwa. Mgeni hapewi jina la kisanii siku anayofika. Hulipata baada ya kuonekana kuwa ana lake la kuongeza. Inamchukua kijana miezi kadhaa kuweza kusimama kwa mkono mmoja huku miguu imekatwa hewani, na katika miezi hiyo huanguka mara zisizo na idadi. Kifundo cha mkono humvimba, goti humuuma, naye hurudi kesho yake. Kwa wale tuliopitia chuoni kwa maalimu kabla ya kuingia shule ya serikali, utaratibu wao si mgeni hata kidogo: mtoto aliyekwisha kuhitimu Juzuu Amma ndiye humshika mkono yule anayeanza alifu, na maalimu huja mwisho kusahihisha. Katika vikundi hivi pia aliyetangulia jana ndiye mwalimu wa aliyekuja leo. Hakuna ada, wala hakuna anayejifunza bila kufundisha.

Hoja nzito zaidi dhidi yao ni kwamba wanaiga. Inasemwa kuwa hip hop ni mali ya Wamarekani, kwamba kijana wa Kisukuma anayejibiringisha chini kwa muziki wa New York ameitupa asili yake, na kwamba huo ni ukoloni mamboleo unaoingia kwa mlango wa burudani. Hoja hii ina heshima yake katika historia ya nchi yetu, na haifai kupuuzwa. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipokuwa Rais wa Jamhuri, alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule walijua kucheza rumba na chachacha kuliko ngoma za babu zao, akatangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Mapema mwaka huo huo Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umeanza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana. Shabaha ya hatua hizo ilikuwa kulinda utu wa Mwafrika aliyetoka jana tu katika kutawaliwa, na shabaha hiyo ilikuwa ya haki. Lakini lazima tuseme pia kwamba shoka liliangukia mti usiokuwa wenyewe. Muziki ule uliopigwa marufuku ulikuwa wa watu weusi waliokuwa wakipigania haki zao Marekani, yaani ndugu zetu katika mapambano. Na wanaoikumbuka hotuba ya 1962 hukumbuka zaidi sehemu yake ya kwanza. Katika hotuba ile ile Mwalimu alionya, kwa maneno makali, kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Alichotaka ni kwamba tujifunze tukiwa tumesimama juu ya miguu yetu.

Kuhusu huko kuiga, historia ya pwani inatupa mfano. Ngoma ya beni ilianza Mombasa na Lamu mwishoni mwa karne ya 19, kwa vijana kuiga bendi za tarumbeta za Wazungu, magwaride yao, sare zao na hata vyeo vyao. Vita ya 1914 hadi 1918 ikaitawanya hadi bara, na kila ilikofika ilijigawa katika pande mbili zinazoshindana, Marini na Arinoti. Wazee wa siku zile waliona ni upuuzi wa watoto wanaojipendekeza kwa mabwana. Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, iliogopa, kwa kuwa iliona vijana wanaoweza kujipanga wenyewe kutoka mji hadi mji. Leo beni hiyo hiyo inapochezwa hadharani tunaiita ngoma ya asili.

Na hip hop yenyewe ilitoka wapi? Tarehe 11 Agosti, 1973, katika nyumba namba 1520 ya mtaa wa Sedgwick, eneo la Bronx jijini New York, kijana mhamiaji kutoka Jamaika aliyejulikana kama Kool Herc alipiga santuri katika sherehe ya dada yake. Alikuwa amegundua kwamba wachezaji husubiri sehemu moja tu ya wimbo: pale mwimbaji anaponyamaza, vinanda vinapokoma, na ngoma inabaki peke yake. Akawa anairudia sehemu hiyo kwa santuri mbili, na waliokuwa wakiruka katikati wakati huo ndio waliolipa dansi hili jina lake. Kwa hiyo hawa watoto wa watumwa, waliokaa ng'ambo ya bahari kwa karne kadhaa, walikuwa wakiisubiri ngoma. Filamu za mwaka 1984 kama Beat Street ndizo zilizoisambaza dansi hiyo duniani kwa kanda za video, nayo ikafika katika miji yetu pia.

Hapa Usukumani jambo hili lingepaswa kueleweka upesi kuliko mahali pengine popote. Kwa mujibu wa simulizi za Wasukuma, katikati ya karne ya 19 walitokea mafundi wawili wa ngoma na dawa, Gumha na Ngika, waliobishana nani amemzidi mwenzake. Wafuasi wa Gumha wakawa Wagalu, wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, na ubishi wao haujaisha hadi leo. Baada ya mavuno vikundi viwili hukutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na ngoma zake na ningi wake, yaani manju anayetunga na kuongoza. Watazamaji hawapewi karatasi ya alama. Hutembea. Kikundi kinachoondokewa na watu kimeshindwa, kinachosongwa na watu kimeshinda. Kwa ajili hiyo kila upande hubuni mbinu: huyu huleta nyoka, yule nungunungu, mwingine huleta kichekesho ambacho hakijapata kuonekana. Wacheza bugobogobo hurusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza mapigo.

Mtu aliyewahi kuuona mpambano huo, kisha akasimama jioni kutazama vikundi viwili vya hip hop vikipambana mjini, atatambua duara lile lile, majigambo yale yale na hukumu ile ile ya umati. Hatudai kwamba vijana wa mjini wamerithi jambo hili kwa makusudi. Wengi wao hawajafika Bujora. Tunachodai ni kwamba jamii inayojisifia Wagika na Wagalu haina msingi wa kuwaita wahuni vijana wanaoshindana kwa miguu badala ya visu.

Tofauti iko penye malipo. Bugobogobo ni ngoma ya kazi. Vijana walilima shamba la mtu kwa mapigo ya ngoma, na mwenye shamba hakuwaacha waende na njaa. Kucheza kwao kulikuwa sehemu ya uchumi wa kijiji na kila mtu alijua thamani yake. Mcheza shoo wa leo hana mwenye shamba. Huitwa kwenye harusi, kwenye uzinduzi wa bidhaa, kwenye video ya msanii, na zaidi ya yote huitwa kwenye mikutano ya kampeni. Katika jambo hili vyama vya siasa havina cha kujivunia. Kijana huchezeshwa juu ya gari tangu asubuhi ili wananchi wakusanyike, mgombea hufika saa kumi, na jioni malipo yake huwa fulana, soda na ahadi. Mwanza imetoa wasanii wa kufoka wanaojulikana nchi nzima, Fid Q akiwa mmoja wao, na jina la mji huu limepanda kwa sababu yao. Lakini taja mcheza dansi mmoja aliyesimama nyuma ya msanii yeyote. Huwezi, kwa sababu jina lake halikuandikwa popote.

Sheria haikumsahau. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mcheza dansi kuwa ni mtumbuizaji mwenye haki zake, sawa na mwimbaji na mpiga ala, na inautambua utunzi wa dansi kuwa ni kazi ya sanaa. Baraza la Sanaa la Taifa lipo tangu sheria ya mwaka 1984. Kinachokosekana ni mtu wa kushuka hadi kwenye kibaraza kile cha duka na kuwaeleza vijana, kwa Kiswahili chepesi, jinsi ya kusajili kikundi na jinsi ya kuandikiana mkataba na mtu kabla ya kupanda jukwaani. Kazi hiyo ni ya maofisa utamaduni wa wilaya, na haihitaji bajeti kubwa. Kadhalika, asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kisheria kwa mikopo isiyo na riba kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha ufugaji kuku hupewa. Kikundi cha dansi kikiomba spika na jenereta cha kukodisha katika sherehe, kisiambiwe kwamba hiyo si kazi.

Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wametupita. Kampala, tangu mwaka 2006, mcheza dansi Abramz Tekya na wenzake wanaendesha mafunzo ya brekidansi bila ada, na mafunzo hayo yalifika hadi Gulu, katika eneo lililokuwa limechoshwa na vita. Watoto wa Ghetto Kids, waliokusanywa na mwalimu Dauda Kavuma katika mitaa ya hali duni ya Kampala, walifika fainali ya shindano la televisheni la Britain's Got Talent mwaka 2023. Jijini Nairobi, jumba la zamani la sinema la Shan, huko Ngara, limegeuzwa kuwa mahali pa wanasarakasi na wacheza dansi kufanyia mazoezi. Sehemu zote hizo zilianza na sakafu na mwalimu, na mengine yakafuata.

Sakafu ndiyo haja ya kwanza ya Mwanza. Mtoto wa miaka 13 anayeruka juu ya saruji kila siku anaweza kuharibikiwa magoti kabla hajafika umri ambao angekuwa anaanza kuvuna. Mkoa huu ulihesabiwa kuwa na watu karibu milioni 3.7 katika sensa ya 2022, na wengi wao ni vijana. Tumeweza kujenga daraja la Kigongo hadi Busisi lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Hatuwezi kusema kwamba mbao za ukumbi mmoja zimetushinda. Tena si lazima kujenga. Kumbi za mikutano za kata, za vyama na za taasisi hukaa zimefungwa siku nyingi za juma, zikisubiri kikao au harusi. Hata uwanja wa Kirumba, ambao ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, una nafasi chini ya majukwaa yake. Saa mbili jioni, mara tatu kwa juma, ufunguo ukiwa mikononi mwa ofisa wa vijana na daftari la mahudhurio mlangoni, hazitamfilisi mtu.

Wakati nao hausubiri. Brekidansi haikuwekwa katika ratiba ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, lakini imo katika Olimpiki ya Vijana iliyopangwa kufanyika Dakar kuanzia Oktoba 31, 2026, ya kwanza ya namna hiyo kufanyika katika bara letu.

Mwaka huu wazazi waliotuuliza kama dansi hii itawaharibu watoto wao wangeanzia Bujora, Kisesa, umbali mfupi tu kutoka mjini. Padre David Clement, Mkanada, alianza kukusanya huko vifaa vya Kisukuma katika miaka ya 1950, makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968, na kila Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, ngoma za Bulabo huchezwa hapo kwa siku kadhaa. Tunawaomba waandaaji watenge alasiri moja kwa vikundi vya hip hop vya mjini, vicheze katika uwanja ule ule, kwa kanuni ile ile ya watazamaji kutembea, mbele ya wazee wa Wagika na Wagalu.