Mama Iko Wapi? Dhana Njema katika Ujumbe wa Mtandaoni

Aghalabu ugomvi unaozuka katika mawasiliano ya mtandaoni huelezwa kwa kutaja tabia: fulani hana adabu, fulani ana dharau. Ni nadra mlalamishi kuyashuku macho yake mwenyewe.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina wakazi Wakongomani waliokuja na Kiswahili chao. Mturkana wa Lodwar, umbali wa takriban kilomita 120, naye amejifunza Kiswahili shuleni au sokoni, juu ya lugha ya Kinailoti isiyo na ngeli kama za Kibantu. Kwa kuwa wote wanatumia lugha yenye jina moja, kila mmoja hudhani kuwa anamwelewa mwenzake.

Msomaji na awazie mfanyabiashara Mkongomani wa Kakuma anayenunua samaki wakavu kutoka Lodwar. Mzigo umechelewa. Anamwandikia kijana wa muuzaji: "Mama iko wapi? Samaki iko wapi?" Kijana huyo, aliyefuzu mitihani ya ngeli, anaona mama yake na samaki wametiwa katika kapu moja. Jibu lake ni kali. Majibu ya pili na ya tatu ni makali zaidi, na biashara inavunjika. Kumbe katika Kiswahili cha Kongo "iko" hutumika kwa mtu bila chembe ya dharau. Yamkini swali la kwanza lilikuwa la kumjulia mama hali. Lau wangeonana ana kwa ana, sauti na uso vingelidhihirisha hilo. Kiooni yalibaki maneno matupu.

Si Turkana pekee. Mkenya wa bara husema "nipe chai" mahali ambapo Mtanzania husema "naomba chai", na Mtanzania husikia amri.

Kwa hiyo dhana njema si huruma tu. Ni suala la maarifa ya lugha, na hapa wanafunzi wa Kiswahili ndio wenye lawama kubwa zaidi. Wamezoezwa kuwinda makosa, na kutoka kosa hadi utovu wa adabu ni hatua fupi.

Wapo watakaodai kuwa dhana njema huwafungulia mlango wachochezi. Hoja hiyo ina uzito. Jumbe za chuki zilizosambazwa kwa simu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 hazikuwa na utata wa ngeli, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilitungwa kwa sababu. Anayetaka jamii fulani ifukuzwe ameshajieleza. Anayeandika "mama iko wapi" bado hajaeleweka, na kumuuliza anamaanisha nini hugharimu ujumbe mmoja.

Wahadhiri wa isimujamii wangeweza kuzileta darasani jumbe za namna hii, kwa idhini ya wenyewe na majina yakiwa yamefutwa, chini ya swali tofauti na lile la "sahihisha sentensi zifuatazo": mwandishi alikusudia nini, na msomaji alisikia nini?