Mtunzi wa Nyimbo Alipwe Jasho Lake

Iko kasumba moja ambayo haina budi kung'olewa kisiwani Pemba, nayo ni ile ya kumhesabu mwanamuziki kuwa mtu asiye na kazi. Sherehe ya ofisi au ya skuli inapopangwa, hutengwa fungu la maturubai, fungu la chakula, fungu la mafuta ya gari na fungu la posho ya wageni. Fungu la wapigaji na waimbaji halionekani. Hao huambiwa waje "kuchangamsha", na baada ya kuimba mchana kutwa hupewa soda na neno la shukrani. Mpishi hulipwa, mwenye vipaza sauti hulipwa, dereva hulipwa. Anayerudi nyumbani mikono mitupu ni yule ambaye bila yeye hadhira ingesinzia.

Tena kasumba hii haienezwi na mkulima wa karafuu wala mvuvi wa Micheweni. Inaenezwa na waliosoma. Mkulima anapomwita mwimbaji harusini humtunza papo hapo, tena mbele ya watu. Mwenye kalamu ya kuandika makadirio ya fedha ndiye anayesahau, na kusahau huko ni dhuluma.

Ni vyema kueleza kazi yenyewe, maana wengi huiona mwisho wake tu. Wimbo mmoja wa taarab huanza kwa mtunzi wa maneno, anayepima vina na mizani na kuchagua fumbo litakalomgusa mwenye kuelewa bila kumtukana mtu. Kisha hupita kwa anayeutia muziki. Kisha wapo wapiga fidla, udi, ganuni na dumbak, ambao mazoezi yao si ya miezi bali ya miaka. Mwimbaji huja mwisho, naye ndiye peke yake anayeonekana na kutunzwa. Nyuzi hukatika na ngozi ya dumbak hupasuka, na vyote hivyo hununuliwa kwa fedha.

Kazi hiyo, zaidi ya hayo, ina misimu. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na fedha ya mavuno ndiyo inayozaa harusi. Mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, mialiko nayo huadimika. Mwezi wa Ramadhani ala hutundikwa. Kwa hiyo mwanamuziki wa Chake Chake, Wete au Mkoani hulima, huvua, hushona nguo au husomesha, na usiku ndipo hushika udi wake. Anahama kutoka kikundi hiki kwenda kile, si kwa kukosa uaminifu kama wanavyosema wasemaji, bali kwa kutafuta mahali ambapo jasho lake litatambuliwa. Je, ni haki kumwita mtu huyo mvivu?

Historia ya Visiwani inatosha kuwa shahidi. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 pamoja na wenzake kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Sahani zile zilinunuliwa katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Sauti ilikuwa ya binti wa wakulima, lakini mitambo, mikataba na biashara vilikuwa mikononi mwa wageni. Siti alifariki mwaka 1950, akiacha jina ambalo kila mtoto wa skuli hulitaja. Baada yake alikuja Bi Kidude, aliyeimba taarab, akapiga ngoma za unyago, akapita katika vikundi vingi na kuzunguka nchi nyingi za dunia. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Hata hivyo, mwanamke huyo aliyejulikana Ulaya na Asia aliishi maisha ya kawaida kabisa, na sehemu ya riziki yake ilitokana na hina, wanja na dawa za miti shamba. Alipofariki mwezi Aprili 2013, viongozi na wananchi walijaa mazikoni. Heshima ya jeneza ni njema, lakini msanii hali jeneza.

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la Visiwani peke yake. Watu weusi wa Marekani, wajukuu wa watumwa, waliunda muziki wa blues kutokana na shida za mashamba ya pamba na za miji iliyowabagua. Mwaka 1923 Bessie Smith alirekodi wimbo wa Downhearted Blues, uliotungwa na Alberta Hunter na Lovie Austin. Sahani hiyo iliuzwa kwa mamia ya maelfu. Bessie Smith alilipwa fedha ya mkupuo kwa kila wimbo, bila ya mrabaha wa mauzo. Alberta Hunter naye, mmoja wa watunzi wenyewe, katika miaka ya 1950 aliacha jukwaa, akasomea uuguzi na kufanya kazi hospitalini New York kwa miaka ipatayo 20, kabla ya kurejea kuimba akiwa mkongwe mwaka 1977. Uuguzi ni kazi tukufu, lakini huo mfano unafundisha kwamba umaarufu haujazi chungu. Mnyonyaji wa muziki hana rangi wala nchi. Anaweza kuwa kampuni kubwa ng'ambo, na anaweza kuwa kamati ndogo ya sherehe hapa nyumbani.

Wapo watakaopinga. Wa kwanza watasema kwamba wanamuziki wanaimba kwa kupenda wenyewe. Mwalimu naye hupenda kufundisha, na daktari hupenda kutibu, wala hakuna aliyependekeza kwamba kwa sababu hiyo wakose mshahara. Wa pili watasema kwamba muziki haufai. Mwenye imani hiyo ana haki ya kubaki nayo, na la kufanya ni kutowaita wanamuziki kabisa. Lakini kuwaita, kuwasikiliza, kuwapigia makofi, kisha kuwanyima ujira kwa kisingizio cha uchamungu, hilo ni kosa juu ya kosa.

Wa tatu ndio wenye hoja ya kusikilizwa. Hao husema kwamba vikundi vya taarab Zanzibar, tangu Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, vilijengwa kwa kujitolea na si kwa kutafuta faida. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Lakini kujitolea kule kulikuwa kwa wanachama baina yao. Walichanga pamoja, wakanunua ala pamoja, na kilichopatikana kikawa cha wote. Ujamaa wa wanachama hauwezi kugeuzwa kuwa kodi ya bure kwa wasio wanachama. Mtu anayechukua matunda ya ushirika bila kuuchangia si mjamaa; ni kupe.

Njia bora ilikwisha kuonyeshwa nchini. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi ya NUTA Jazz, na wapigaji wake wakawa waajiriwa wenye mshahara kama wafanyakazi wengine. Si lazima kila ofisi iwe na bendi, lakini kanuni iliyokuwamo mle ingali sahihi: mwanamuziki ni mfanyakazi.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 inamlinda mtunzi, na kutokana nayo ndipo ilipoundwa COSOZA, jumuiya ya kusimamia haki hizo. Lakini sheria haina nguvu pale ambapo wimbo haukuandikishwa na mtunzi hatajwi. Hapa ndipo lilipo jukumu la walimu. Mara ngapi watoto wa skuli hufundishwa wimbo kwa jina la "wimbo wa asili", hali mtunzi wake yu hai katika kijiji cha pili? Neno "asili" linapotumiwa kwa uvivu, huwa kaburi la mtunzi. Mashairi ya Kamange na Sarahani, malenga wakubwa wa Pemba, yamewafikia wasomaji katika kitabu kilichotolewa mwaka 2011 kwa sababu walikuwapo watu waliojali kuhifadhi maneno pamoja na majina ya wenyewe. Watunzi wa leo wanastahili wema huo huo wakingali hai.

Kwa hiyo mambo ya kutendwa ni matatu, wala hayahitaji mgeni kuja kuyafundisha. Kila makadirio ya sherehe yawe na fungu la wanamuziki, lililoandikwa kwa tarakimu na kulipwa kwa stakabadhi. Kila wimbo unaoimbwa skulini au jukwaani utajwe pamoja na mtunzi wake. Na kila mwalimu mwenye kalamu amsaidie mtunzi wa kijijini kwake kuziandika nyimbo zake na kuziandikisha, kabla mwingine hajazifanya mali yake.

Mtumishi wa umma mshahara wake ukichelewa siku tatu, hulalamika, na ana haki. Basi na akumbuke kwamba yupo mwenzake wa Mkoani ambaye mshahara wake umechelewa maisha yake yote.