Kioo Kimeelekezwa Wapi?

Washairi wenzangu,

Kila tunapoulalamikia muziki wa Bongo Fleva, tunajibiwa kwamba msanii ni kioo cha jamii. Nalikataa jibu hilo. Kioo hakijigeuzi chenyewe. Anayekishika ndiye achaguaye kipi kionekane.

Tuitazame Kigoma. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walikusanyika kwa jina la Kigoma All Stars, wakatoa wimbo wenye jina la Kiha, “Leka Dutigite”. Waha, ambao wakoloni waliwachukua kwa wingi kuwa manamba wa mashamba ya mkonge, wakasikia lugha yao ikivuma redioni. Hiyo ilikuwa fahari ya haki.

Lakini katika nyimbo nyingi tunazopigiwa leo, mwanamke “aliyewezeshwa” ni nani? Ni yule aliyehongwa gari, au anayemsuta mwenziwe kwa mkoba wa bei. Hadhi yake hupimwa kwa alichopewa. Huko si kuwezeshwa. Ni kubadilishiwa mfadhili.

Nenda alfajiri kwenye mwalo wa Kibirizi, mitumbwi irudipo na dagaa. Utamkuta mwanamke akipatana bei, akianika mzigo juani, jicho lake likiwa mawinguni, maana mvua moja yatosha kuozesha mtaji wake. Mwenziwe huko vijijini anachemsha mawese, akisomesha watoto kwa madumu. Hawa hawakungoja semina wala mhisani. Nyimboni huingia kwa mlango mmoja tu: kama mama anayeshukuriwa na mwana aliyetajirika. Sifa yenyewe ni ya mwana.

Nasi tusijitakase. Tunaipiga vita misimu ya vijana kana kwamba ndiyo dhambi kuu, kumbe mara nyingi tunachokidharau ni mtaa inakotoka. Hayo nayo ni matabaka, ila yamevaa joho la usanifu.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba na mchuuzi wa vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Aliimba habari za wanyonge na za wanawake waliodhulumiwa, kwa lugha ya mitaa ya Ng’ambo. Shaaban Robert, bingwa wa usanifu, hakuona haya kuandika wasifu wake. Alijua kuwa ubora wa utungo hauanzi kwenye kamusi. Huanzia pale mtunzi aliposimama.

Basi tusiwaachie wanamuziki lawama zote. Ni tenzi ngapi tumemtungia mwanika dagaa? Na ni mara ngapi tumempisha atunge mwenyewe?

Kioo mlichosema, kigeuzeni upande,
Mwaloni amesimama, miguu kwenye umande,
Anunua na kupima, hasubiri tumpende,
Mpeni kalamu mama, neno lake alipande.