Nani Hulipa Nauli?

Imezuka ada miongoni mwa wasomi wetu waliotimia miaka arobaini ya kumsifu kila mtu aiachaye kazi yake akashika njia. Akiuza samani zake akapanda jahazi au pikipiki, huitwa shujaa. Jirani yake akibaki ofisini mpaka kustaafu, huitwa mfungwa. Mimi siikubali hukumu hii, na nitaipima kwa mtu ambaye sifa hizo humwendea kuliko wengine wengi, yaani mchoraji Paul Gauguin.

Hadithi yake, kama isimuliwavyo, ni fupi. Dalali wa hisa mjini Paris alichoshwa na hesabu, akaitupa kalamu, akaenda zake Tahiti kuchora. W. Somerset Maugham aliikuza hadithi hiyo katika riwaya yake ya mwaka 1919, The Moon and Sixpence, ambamo dalali wa London huondoka ghafula, pasipo sababu ila wito wa sanaa. Gauguin wa kweli, aliyezaliwa mwaka 1848, hakuondoka hivyo. Soko la hisa la Paris liliporomoka mwaka 1882, na mwaka uliofuata hakuwa dalali tena. Waweza kusema kuwa aliiacha kazi. Walakini kazi nayo ilikuwa karibu kumwacha.

Na nauli je? Mkewe, Mette Gad, mzaliwa wa Denmark, alibaki Copenhagen akifundisha Kifaransa ili watoto wapate kula. Watoto walikuwa watano. Gauguin alipopanda meli mwaka 1891, umri wake miaka 42, alichukua idhini rasmi ya serikali ya Ufaransa, na Tahiti ilikuwa imekwisha kutwaliwa na serikali hiyo hiyo tangu mwaka 1880. Huo ndio uhuru tunaoambiwa tuuonee wivu: uhuru uliotiwa muhuri ofisini! Huko alimtwaa Teha'amana kuwa mke, msichana wa miaka ipatayo 13. Wamsifuo Gauguin hupita hapa kwa kunyata. Mwaka 1897 binti yake Aline alifariki, na baba akapata habari kwa barua. Mwaka 1898, fedha zilipomwishia, mkimbia meza huyu aliketi tena mezani, katika ofisi ya ujenzi ya serikali mjini Papeete.

Nitaambiwa kuwa nimezisahau picha. Sikuzisahau. Ni nzuri, na sidhani kama angaliweza kuzichora Paris. Lakini uzuri wake haukumlisha mtoto yeyote wa Copenhagen wakati ule. Tena si kweli kwamba meza huiua sanaa. Shaaban Robert aliingia ukarani wa serikali mwaka 1926, na Kusadikika kilipotoka mwaka 1951 alikuwa angali katika utumishi. Nchi ielewayo hewani aliifikia bila ya kuacha kazi.

Sisemi mtu asiondoke. Aliyewalea wanawe wakakua, akalipa madeni yake, akaagana na mwenzake kwa ridhaa, na aende hata Siberia akipenda. Nitamsindikiza mpaka kituoni, nimchukulie na mzigo. Ninachodai ni kuwa wenzetu waandikao sifa za wasafiri hawa watuambie pia ni nani aliyeachwa pwani, na ameachiwa nini. Makala za namna hiyo nilizozisoma humtaja mke mara moja tu, katika mstari wa shukrani.