Kuku Wengi, Chakula Kinakwenda Wapi?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi: "Dada nesi, nina kuku 50 katika kibanda kidogo. Magunia ya chakula yanaisha, lakini kuku hawanenepi wala hawatagi. Kinakwenda wapi?" Kwa mama anayetegemea mayai kulipa ada ya watoto, hilo si jambo dogo.

Kila kiumbe huchoma chakula mwilini kama sisi tunavyochoma mkaa jikoni. Wataalamu huita kazi hiyo umetaboli. Moto huo kwanza hulipia joto la mwili, pumzi na mapigo ya moyo. Kinachobaki ndicho huwa nyama na yai. Na kuku ana moto mwingi: mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, wetu ni 37.

Kubanana si kubaya siku zote. Kifaranga mchanga hawezi kutunza joto lake, na wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35. Wakijikunyata pamoja chini ya mama yao, baridi huwapata kidogo, na kila mmoja huchoma chakula kidogo kuliko angekuwa peke yake. Pengwini wa Antaktika hufanya vivyo hivyo kwenye barafu. (Nasi wodini humweka mtoto njiti kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto.) Ila ukiona vifaranga wamelaliana, ongeza joto upesi, la sivyo wa chini watakufa kwa kukosa hewa.

Wakishakua, mambo hugeuka. Kuku hatoki jasho. Akibanwa na wenzake, kila jirani ni jiko dogo linalompulizia joto. Hufungua mdomo na kuhema, na kuhema nako ni kazi inayokula chakula. Tena hupunguza kula, maana kumeng'enya chakula huongeza joto.

Halafu kuna kugombania. Mwaka 1922 Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe aliandika kwamba kuku wana vyeo: huyu humdonoa yule, yule humdonoa mwingine. Nafasi ikiwepo, mnyonge hujitenga akala kwa amani. Isipokuwepo, hufukuzwa kutwa nzima. Mwili ulio katika hofu hutoa homoni zinazovunja hata misuli ili kupata sukari ya kukimbilia. Moto unawaka, chungu hakiivi! Basi usimwite mvivu yule aliyedumaa kwenye kona. Huenda anafanya kazi kuliko wote.

Kwa hiyo, kabla ya kukopa fedha ya gunia jingine, pima banda. Kuku wa mayai waliokomaa wasizidi 5 au 6 katika mita moja ya mraba. Banda la mita 2 kwa 2 ni la kuku 20, wakizidi sana 24. Kwenye chombo kirefu cha chakula, kila kuku apate kama sentimita 10 za ukingo. Weka vyombo sehemu mbili zilizo mbali, na maji vilevile, ili mbabe asivilinde vyote. Fungua madirisha ya juu, hewa ipite. Waliozidi uwauze, ukianza na majogoo, kabla hawajamaliza chakula cha mitetea.