Watoto Wafundishwe Kweli ya Tembo

Kijijini Mwabungo, baina ya Diani na Msambweni, mtoto huijua pombe kabla hajajua hesabu za kugawanya. Jua linapoinama na mgema akashuka mnazini, kotama i kiunoni na kibuyu kinatoa povu, si ajabu kumwona mwana wa miaka minane ametumwa na mzee wake, akirudi amelikumbatia dumu la lita tano kifuani, na kama njiani ameonja funda moja, nani atakayejua? Mtoto huyo anazo habari za bei, anamjua mgema atiaye maji na asiyetia, na amekwisha kumaizi kuwa baba akinywa atacheka kwanza kisha atagomba. Asilolijua, wala hapana amwambiaye, ni yale yanayopita ndani ya mwili wa babake baina ya kile kicheko na ule ugomvi.

Chuoni ameambiwa kuwa pombe ni haramu, nyumbani ameambiwa kuwa akionekana atachapwa, na watu wazima wakaona wamekwisha kutimiza wajibu wao. Uharamu ni haki kufundishwa, na sitaki mtu anidhanie vingine. Lakini hata aya ya 219 ya Suratul-Baqara haikukana kuwa mna manufaa kwa watu, bali iliyaweka manufaa hayo mkabala na madhambi yake, ikahukumu kuwa madhambi ni makubwa zaidi. Ikiwa Mola amewaeleza waja wake sababu, sisi ni kina nani hata tuwanyime watoto maelezo? Wako wazee wanenao kwamba kumfundisha mtoto habari za ulevi ni kumwamsha aliyelala. Aliyebeba dumu hakulala.

Somo laweza kuanzia mnazini. Maji yachuruzikayo kwenye karara lililokatwa ni matamu, wala hayana ulevi. Ila hamira za asili, zilizomo hewani na kibuyuni, huanza kuila sukari yake saa ile ile, zikatoa hewa ifanyayo povu na zikaacha kileo, hata ikifika jioni tembo tamu limekuwa kali, na likilala zaidi huwa siki. Ama mwilini, kileo hicho hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba, kikaingia damuni, na kwa dakika chache kikafika ubongoni, ambako hulegeza kwanza ile sehemu ipimayo lipi la kusema na lipi la kunyamazia, kisha ile ishikayo mizani ya miguu; ndiyo maana majivuno hutangulia na kuyumba hufuata. Kazi ya kukiondoa ni ya ini, nalo lina mwendo wake, takriban gilasi ndogo moja ya tembo kwa saa kwa mtu mzima, wala kahawa, ndimu au kuoga maji baridi hakuliharakishi. Kwa mtoto jambo ni zito zaidi, maana ini lake, likishughulika na kileo, hushindwa kutoa sukari ya kutosha damuni, naye akaweza kuzirai au kushikwa na degedege bighairi ya kunywa kingi, watu wakakimbilia kumtafutia mganga wa pepo.

Lakini somo liwe la kweli. Huko Marekani jimbo la Vermont lilitunga sheria mwaka 1882 ya kufundisha madhara ya kileo shuleni, na kufikia 1901 majimbo yote yalikuwa na sheria za namna hiyo. Walakini vitabu vya somo hilo vilijaa vitisho, kimojawapo kikidai kuwa kileo hubambua ngozi ya koo kila kipitapo, hata mwaka 1903 jopo la wataalamu likayakemea mafundisho hayo. Mtoto wa Mwabungo aliye na babu mnywaji wa miaka 70 hataamini kuwa funda moja huua, na akikugundua umemdanganya hapo, hatakusadiki utakapomwambia kuhusu methanoli, sumu itiwayo pombeni, iliyoua watu kwa makumi nchini Kenya mwezi Mei 2014, na tena Kirinyaga Februari 2024. Mgema wa methali akisifiwa alitia maji. Hawa wauzaji wa leo wangalitia maji tungaliwashukuru.

Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 imekataza kumuuzia au kumpa kileo asiyetimia miaka 18, lakini polisi hawezi kusimama chini ya kila mnazi, na mzazi amtumaye mwanawe tembo ameivunja roho ya sheria hiyo kabla ya muuzaji. Kwa hivyo nawaelekea walimu wa shule na wa vyuo, Mwabungo na jirani zake Kinondo na Gazi: hospitali ya Msambweni haiko mbali, na muuguzi mmoja, akija na picha ya ini zima na ya ini lililosinyaa kwa ulevi wa miaka, atafaa kuliko bakora mia. Naomba aalikwe muhula ujao, na wazazi wakae darasani pamoja na watoto wao.